Nondo wa Mubirizi

Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024

Daftari mpya. Ile ya zamani imejaa nondo na malalamiko, zaidi malalamiko.

Leo nimeangalia sehemu za siri za madume kumi na moja. Niandike vizuri, mutu akiikuta hii daftari asinifikirie vibaya: madume ya nondo. Kila mumoja ana milimita nne toka kichwa mpaka mwisho. Jenasi yao inaitwa Phyllonorycter — jina ndefu kuliko mwenyewe. Wazuri sana, rangi ya dhahabu na mistari myeupe. Lakini mistari inadanganya. Spishi mbili zinaweza kuvaa nguo moja kama ba maman wa chorale ya kanisa, na huwezi kusema nani ni nani.

Kuna njia mbili za kuwatenganisha. Unapasua tumbo ya dume na kuangalia chini ya microscope. Ao unauliza: huyu alikulia mu jani ya muti gani? Kiwavi wake anaishi ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, kama mutu katikati ya mashuka mawili. Anakula humo, analala humo, siku ya kutoka ana mabawa. Na si kila muti anakubali. Kila spishi ina muti wake, ao miti michache ya jamaa moja.

Dada yangu mukubwa Jeanine ameniuliza tena, mbele ya wageni, kama ninafanya nini ku centre ya utafiti siku muzima. Nikasema: ninapanga nondo. Akasema: unazipanga, kisha zinaenda wapi?

Nikaenda kuongezea wageni chai.

Alhamisi, tarehe 5 Septemba

Habari kubwa. Prof Camille, mukubwa wangu ku centre, amekubali kwamba spishi ziko mbili.

Niandike kwa mupango, kesho nitafikiri niliota. Nondo wa kwanza ametoka ku mubirizi wa nyuma ya nyumba yetu hapa Bagira, ule muti muchungu kila mutu anachemusha akiumwa na tumbo. Kiwavi wake anachimba upande wa chini wa jani. Wa pili ametoka Mudaka, mu lupango ya miti yenye kuzunguka shamba ya Maman Bintu. Huyo anachimba upande wa juu. Na muti wa Mudaka si mubirizi, ni ndugu yake: Vernonia ya masikio, ile yenye vijani viwili vidogo kama masikio ku muguu wa jani. Papa, baba yangu, njo aliutambua mwezi wa tatu, maua hayajakuwako, kwa majani tu. Prof Camille alisoma étiquette ya Papa, kile kikaratasi chenye jina ya muti, akasoma michoro yangu, akavua miwani. Akasema: muti tofauti, chumba tofauti, basi spishi tofauti, na haijaandikwa fasi yoyote. Tutaandika article, itatumwa tarehe 7 Oktoba.

Kisha akasema nondo mupya, yule wa Mudaka, ataitwa evaristi. Kwa heshima ya Papa.

Papa Évariste ana miaka sabini na mbili. Miaka thelathini na nne alifanya kazi mu herbier ya centre, kule majani makavu yanalala mu makaratasi kama barua. Anajua kila muti kwa Latini, kwa Kifaransa na kwa Mashi. Mimea yote ishirini na tatu ya utafiti wangu ni yeye aliitambua, hapa mezani, kwa malipo ya chai yenye sukari mingi. Nilimuambia habari ya jina. Akasimama, akaenda kupiga pasi shati yake nyeupe. Leo ni Alhamisi, haendi fasi yoyote.

Jumamosi, tarehe 7 Septemba

Nimefanya jaribio, si kwa mashaka, kwa raha tu. Nimechukua majike sita ya Mudaka, nimewafunga ndani ya kipande cha chandarua juu ya tawi la mubirizi wetu. Kama ni kweli wanapenda muti wa masikio peke yake, hawatataga. Watakaa na njaa ya moyo. Nitaweka hiyo mu article: “majike walikataa.” Itapendeza.

Jeanine anasema mubirizi umevaa voile ya bibi-arusi, na majirani wanauliza.

Jumapili, tarehe 8 Septemba

Parokia muzima inajua. Papa aliambia mumoja tu, lakini alichagua mumoja mwenye mudomo. Baada ya misa watu walipanga foleni kumupa mukono. Muzee mumoja aliuliza kama serikali itamupa Papa gari sababu ya hiyo nondo. Papa akajibu kwa upole kwamba nondo ni mudogo, labda watatoa baiskeli.

Jeanine amenichoma na kiwiko wakati wa wimbo wa komunyo. Papa alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo juu chini, na anaimba bila kukosa neno hata moja. Tukacheka mpaka machozi. Njiani Jeanine akaacha kucheka. Akasema: kitabu ile, tangu lini anaifungua tu na haigeuzi ukurasa?

Nikasema anajua nyimbo zote. Ni kweli, anazijua.

Ijumaa, tarehe 20 Septemba

Siku mbaya kwa majike yangu yenye kukataa. Hawakukataa.

Nimefungua chandarua asubuhi. Ku majani manne ya mubirizi kuna alama nyeupe ndogo, zimeanza kupanuka — upande wa juu. Watoto wa Mudaka wanakula Bagira, tena wanakula vizuri, wamenona kunishinda mimi.

Bon. Nondo anaweza kula miti ndugu mbili. Inafanyika. Nimejirudilia hiyo toka saa mbili mpaka saa sita, na kila mara imepoteza uzito.

Sijamuambia Papa. Alikuwa kivulini anasikiliza radio, amevaa ile shati nyeupe. Akaniuliza: nondo yetu inaendelea? Nikasema inaendelea.

Jumamosi, tarehe 28 Septemba

Nimerudi kutoka Mudaka, viatu vimejaa udongo na kichwa vilevile.

Nilienda kwa kupiga picha ya muti. Mvua imeanza, na lupango ya Maman Bintu imefungua maua toka mwanzo mpaka mwisho. Meupe. Yote meupe, nyuki wamejaa humo. Vernonia ya masikio inatoa maua ya zambarau, hata mutoto wa mwaka wa kwanza anajua. Nikasimama na simu mukononi kama mutu ameshuka kituo kisicho chake.

Nikashika jani, nikaangalia muguu wake na loupe, kile kioo cha kukuza. Masikio yapo, mawili mawili. Lakini si vijani. Ni uvimbe mudogo, kidudu kingine kabisa kimetaga humo na muti umevimba. Kwa kidole, unahisi masikio. Kwa jicho, hauwezi kukosa.

Maman Bintu akatoka na jembe yake. Ni mujane, ana sauti ya kuita mutu ngambo ingine ya ziwa Kivu. Akaniuliza kama ninalia. Nikasema hapana, nilikuwa ninauliza muti wake jina.

— Mubirizi, akasema. Ungesema uko na shida ya tumbo, ningekukatia toka zamani.

— Una hakika, maman?

— Mama yangu alituchemushia hii kila Jumamosi, tukitaka tusitake. Hakika yangu iko hapa ku ulimi. Tena nilimuambia baba yako.

Nikauliza lini.

— Siku ile mulikuja naye. Wewe ulikuwa kule chini na vichupa vyako. Nikamuambia: papa, huu ni mubirizi. Akacheka na heshima, akasema: maman, mimi njo nilisomea majani. Nikamuachia. Ila nilimuangalia. Alishika jani hivi — akafunga macho, akapapasa — na hakuliangalia hata mara moja.

Akanipa viazi vitamu mu mufuko. Nikavibeba mpaka Bagira bila kuhisi uzito.

Jumapili, tarehe 29 Septemba

Misa. Viazi vitamu. Sijamuambia mutu habari ya maua.

Jumatatu, tarehe 30 Septemba

Prof Camille ameomba picha ya muti wenye maua kwa ajili ya article. Nimesema maua hayajafunguka.

Ninaandika hapa kusudi iwe fasi moja angalau: yamefunguka.

Uongo wenyewe ulitoka laini sana, ni hiyo inanisumbua. Nimefanya hesabu ya upande wa pili pia. Ni nani duniani atakwenda Mudaka kuangalia muguu wa jani? Article itasomwa na watu kumi na wawili, watatu wao ni sisi. Kutakuwa nondo mumoja mwenye jina ya muzee mumoja wa Bagira, na muzee atakuwa na furaha mpaka mwisho wake. Kwani nani ataumia?

Kisha nikafikiri mutu, miaka hamsini mbele, anatafuta nondo ile ku muti wa masikio. Anapanda milima, anafungua jani moja moja, hapati. Ataandika kwamba nondo ile imekwisha duniani. Na wakati ule nondo iko nyuma ya jikoni yetu, inanona.

Jumatano, tarehe 2 Oktoba

Nimesema.

Niliingia kwa Prof Camille kabla hajamaliza kahawa. Nikaweka simu mbele yake na picha ya maua meupe. Nikasema: yalifunguka, nilikudanganya juzi, muti ni mubirizi, étiquette imekosea. Vyote mu pumzi moja. Yeye ni mutu wa kunyoosha mambo. Akaanza kunyoosha penseli zake mezani. Nikangoja anifukuze.

Akasema spishi ya pili inaweza kubaki hai. Muti mumoja unaweza kulisha wawili, mumoja anachukua ghorofa ya juu, mwingine ya chini. Lakini sasa hatuna muti wa kututetea, tuko na matumbo tu. Inaomba kupasua upya, madume mingi zaidi. Na mwaka huu hatutumi kitu.

Nikaitika. Nikafikiri imekwisha.

— Ile mimea ingine ishirini na mbili, akauliza, ni nani aliitambua?

— Ni Papa.

Akaacha penseli. Alifanya kazi na Papa, chumba kwa chumba, miaka tisa. Papa njo alimufundisha kukausha majani bila kuyachoma.

— Anajua? akauliza.

— Hajui.

— Ni mimi nitamuambia ao wewe?

Nikasema mimi. Akaonekana kufurahi kiasi cha kunikasirisha.

Alhamisi, tarehe 3 Oktoba

Nimepasua madume sita ya Mudaka. Mwishoni mwa ile sehemu yao kuko kama ndoano ndogo. Wa Bagira hawana. Kati ya hawa sita: wanne wana ndoano safi, wawili wana nusu ndoano. Nusu. Wananifanyia kusudi.

Nyumbani Jeanine alikuwa ananingoja ku mulango wa jikoni. Alikuwa anafua koti ya Papa, na mufukoni amekuta karatasi ya daktari wa macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, aende kufanyiwa operation. Karatasi ina miaka miwili na miezi. Imekunjwa mara nyingi mpaka imekatika katikati, na mutu ameibandika na scotch. Scotch yenyewe imekaa kombo.

Tukakaa jikoni, karatasi kati yetu ku meza. Jeanine hakunitania. Akasema muzee anaogopa kisu, tangu ndugu yake aliingia hospitali kwa jambo ndogo na hakutoka. Akasema pia: mimi niliona kitabu juu chini, nikacheka.

Nikamuambia habari ya muti. Yote. Akauliza swali moja tu: kumbe hiyo nondo ilikula nini?

Mubirizi, nikasema. Sikuzote mubirizi.

Ijumaa, tarehe 4 Oktoba

Nimejaribu asubuhi, na chai. Nikasema: Papa, nataka kukuonyesha kitu. Akasema: nionyeshe. Na uso wake ukageuka kwangu, ukakosa kidogo, ukaangalia sikio langu.

Nikasema: ni mbali, ni kule Mudaka. Twende kesho.

Akasema lazima apige pasi.

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba

Ninaandika nikikaa ku jiwe, Mudaka, karibu na lupango. Saa tatu na nusu. Jua iko, mvua inajipanga nyuma ya mulima. Papa hajataka nimusindikize. Alisema: kaa hapa, niache na muti. Anatembea peke yake, mukono wa kuume ndani ya majani, anafuata lupango kama mutu anafuata ukuta wa nyumba yake. Shati nyeupe. Maman Bintu ametoa viti viwili na hakuna mwenye kuvikalia. Amesimama nyuma yangu na, kwa mara ya kwanza tangu nimujue, amenyamaza.

Nimemuambia njiani ya kuja, tulipokuwa tunatembea kutoka barabara. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Bagira, yakapotea. Nikasema tu: Papa, maua ni meupe. Akaendelea kutembea hatua kumi, kumi na tano. Kisha akasema: meupe kabisa? Nikasema kabisa. Akasema: na masikio? Nikasema ni uvimbe wa kidudu. Akasema: aa. Kama mutu amejibiwa swali aliulizia zamani.

Sijasema habari ya jina evaristi. Sijasema habari ya mimea ingine ishirini na mbili. Yeye njo alianza, tulipofika: basi na yale mengine yote inaomba kuangaliwa. Nikasema ndiyo, Papa. Akasema: muti wa namba saba nilisitasita, anzia pale.

Kumbe anakumbuka namba.

Sasa amefika mwisho, kule lupango inagusa barabara. Amevunja kitawi chenye maua. Amekinusa. Ameweka jani mudomoni, anatafuna. Anarudi.

Amefika. Anaelekeza kichwa upande wa Maman Bintu, si mbali sana na pale yuko.

— Maman, uliniambia.

— Nilikuambia, papa.

— Mubirizi.

— Mubirizi.

Amenyoosha mukono kwangu, anataka étiquette yake ya mwezi wa tatu, iko mu daftari hii. Nilikuwa nimeanza kuikunja. Ameisikia ikilia, akaniambia niache. Mu herbier, anasema, karatasi ya mutu aliyekosa haichanwi na haifutwi. Inabaki pale pale na jina yake. Unaandika ingine, unaibandika pembeni, unaweka jina yako na tarehe, na wote wawili mutakaa humo pamoja miaka mia.

— Andika.

Nimeandika ku karatasi ndogo: mubirizi, Vernonia amygdalina, Mudaka, 5 Oktoba 2024. Nimeandika jina yangu. Nimemupa.

Ameichukua. Ameipeleka karibu na jicho ya kushoto mpaka inagusa nyusi, kisha mbali, kisha karibu tena. Tumengoja, mimi na Maman Bintu. Angeweza kusema ni sawa, kuikunja na kuitia mufukoni. Amefanya hivyo na kila karatasi niliyomupa, miaka hii miwili.

Amenirudishia.

— Nisomee, anasema. Na sauti, maman naye asikie.